Ramli ya Chuma

Wapo washarika watakaoshangaa kukuta roboti wa katuni ndani ya kitabu cha imani. Naomba mnivumilie, kwa sababu roboti huyu anatuhusu kuliko tunavyodhani. Anaitwa Living Brain, yaani Ubongo Hai, na ni mmoja wa maadui wa Spider-Man ambao hata vijana wanaozijua hadithi hizo kwa moyo wamekwisha kuwasahau. Alitokea mara ya kwanza katika toleo la 8 la jarida la The Amazing Spider-Man, lenye tarehe ya Januari 1964, lililoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Hakuwa na mpango wa kuitawala dunia. Kazi yake ilikuwa kujibu maswali tu. Nami nasema kwamba katika maadui wote wa Spider-Man, huyu mtoa majibu ndiye ambaye Kanisa linapaswa kumwogopa zaidi, kwa sababu ndugu zake tumewapa viti vya mbele.

Hadithi yenyewe ni fupi. Kampuni ya kubuni iitwayo International Computing Machines, jina lililokaa karibu sana na lile la IBM iliyotawala biashara ya kompyuta siku hizo, inauleta Ubongo Hai katika shule ya sekondari ya Midtown jijini New York. Ni kompyuta yenye umbo la mtu, na mwakilishi wa kampuni anaunadi kuwa ndio akili kubwa kuliko zote: uulize lolote, utakujibu. Darasani yumo Peter Parker, kijana yatima aliyelelewa na May, mjane wa ndugu wa baba yake. Wenzake humcheka kwa unyonge wake. Hawajui kwamba ndiye Spider-Man.

Sasa tafakari. Wanafunzi wamepewa chombo kinachojibu kila swali. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, Oktoba 1962, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikaribia kupigana kwa mabomu ya nyuklia kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Kuba. Kuna magonjwa yasiyo na dawa. Kuna njaa. Kuna ubaguzi wa rangi katika nchi yao wenyewe. Wangeweza kuuliza lolote kati ya hayo. Swali walilolichagua ni hili: Spider-Man ni nani hasa?

Ubongo unatoa jibu lake kwa alama za kihesabu, na mtunzi, kwa utani wake, anamfanya Peter mwenyewe kuwa ndiye wa kuichukua karatasi ile na kuifasiri. Wakati huohuo wafanyakazi wawili walioileta mashine wanaona humo njia ya utajiri wa haraka. Wanataka kuiiba. Katika purukushani wanaugonga mtambo wake wa kuiongozea, na mashine inaanza kuvuruga shule. Spider-Man anapigana nayo, nayo inakokotoa mbinu zake kadiri anavyopigana, mpaka anafanikiwa kuifikia mitambo yake na kuizima.

Nataka tukae kwenye lile swali. Lakini kwanza niwajibu ndugu zangu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wale watakaosema kwamba katuni za namna hii ni za shetani, na kwamba roboti yeyote ni ile sanamu ya mnyama katika Ufunuo 13, iliyopewa pumzi ikaweza kusema. Wanawanyang'anya watoto vitabu na kudhani wameilinda imani. Someni vizuri sura ile. Hatari ya sanamu ile ni kwamba watu waliisujudia, na wasioisujudia waliuawa. Chuma hakina dhambi. Hata katika hadithi yetu roboti hakuasi kwa hiari yake. Aligongwa na wezi. Msharika anayechoma katuni ya mwanawe asubuhi, kisha jioni akaenda kwa mtu wa kumtajia mchawi wake, amechoma karatasi na kuiacha dhambi ikiwa hai nyumbani mwake.

Wa pili ni wale watakaosema: mchungaji, hizo ni hadithi za kitoto za Wamarekani, zinatuhusu nini? Hao nawajibu kwa kirefu zaidi, maana kwetu kazi ya mashine ile ina jina. Tunaiita ramli chonganishi.

Ramli chonganishi ni ile inayomtaja mtu. Mganga hasemi tu kwamba una shida, anakutajia aliyekuletea. Mtoto anaumwa: ni bibi yake. Biashara imedorora: ni jirani wa ukuta wa pili. Mimba imetoka: ni wifi. Hao wapiga ramli wanazijua methali zetu kuliko sisi. Watakuambia kikulacho ki nguoni mwako, nawe unaanza kukagua nguo zako zote. Watakuambia lisemwalo lipo, na ukiwauliza ushahidi watakumalizia kwamba kama halipo laja. Tunajua ramli hiyo imezaa nini. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikopikia hao hao waliokuja kuwaua. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa maelekezo ya waganga. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo.

Basi Serikali imeona. Je, Kanisa limeona? Ninauliza hivyo kwa sababu ramli ile imevua kaniki ikavaa suti. Leo anaitwa nabii, mtume, mwonaji. Ana kipaza sauti na kamera. Anakusimamisha mbele ya umati na kukuambia kuna mwanamke wa upande wa baba yako, mtu mzima, anayekuja kwenu mara kwa mara, na kwamba ndiye aliyeifunga ndoa yako. Hana haja ya kutaja jina. Akili yako italimalizia, kwa maana ni nani asiye na shangazi? Watu wanapiga makofi. Wewe unarudi nyumbani ukiwa umepewa adui mpya.

Sisi wachungaji ndio tunaobaki na kinachofuata. Shangazi hasalimiwi tena. Wajukuu wanakatazwa kula kwake. Akifariki, nusu ya ukoo haiji kumzika, na wale wanaokuja wanasimama mbali na kaburi. Yule aliyemtaja yuko mji mwingine, anataja wengine. Na wengi wa waliokwenda kwake ni watu wetu: wamebatizwa, wamepata kipaimara, wanashiriki Meza ya Bwana, wengine ni wazee wa kanisa na wanakwaya. Jumapili asubuhi kwetu, Jumatano usiku kwake. Nasema wazi kwamba hili si suala la mtu kuchagua mahali pa kuombewa. Ni kuvunja amri ya kwanza na ya nane kwa safari moja.

Hapa ndipo wengi wananijia juu. Wanasema: lakini anachosema ni kweli! Alinitajia namba yangu ya nyumba. Alijua mume wangu anaitwa nani. Nikikuta kwamba kweli shangazi alininenea mabaya, kosa la nabii liko wapi?

Neno la Mungu limekwisha kulijibu hilo. Katika Matendo 16 Paulo na Sila wako Filipi, na kijakazi mmoja mwenye pepo wa uaguzi anawafuata siku nyingi akipaza sauti. Anasema nini? Anasema kweli tupu. Anawatangaza kuwa ni watumishi wa Mungu Aliye Juu, wenye kuhubiri njia ya wokovu. Mhubiri gani asingefurahia tangazo la bure kama hilo? Paulo alihuzunika na kumfukuza pepo yule. Hakumnyamazisha kwa kuwa alikosea. Alimnyamazisha kwa kuwa chanzo cha maneno yale hakikuwa Mungu, na kwa kuwa binti yule alikuwa amefanywa chombo. Luka anatuambia pia ni nani waliokasirika: mabwana zake, walioona tumaini lao la faida limepotea. Paulo na Sila wakachapwa na kufungwa gerezani kwa sababu waliharibu biashara ya majibu.

Mkumbuke wale wafanyakazi wawili katika katuni. Wao hawakujali kama Ubongo unasema kweli au uongo kuhusu Spider-Man. Walichokiona ni kwamba chombo chenye majibu ni mali. Vijana wetu wanaobeti kila siku wangewaelewa mara moja: nani hapendi mkeka usiochanika? Kila palipo na mtoa majibu, nyuma yake kuna anayehesabu fedha. Ukitaka kumjua mpiga ramli, mwenye kaniki au mwenye suti, usiulize kwanza kama aliyosema yametokea. Uliza nani amelipwa, na nani amebaki na jeraha.

Wengine, wanaoijua Biblia zaidi, watanipinga kwa Biblia. Watasema Akani alifichuliwa kwa kura katika Yoshua 7. Natani alimfichua Daudi. Petro alimfichua Anania. Yesu alimwambia mwanamke Msamaria habari za waume zake. Je, hao nao walipiga ramli?

Naupenda upinzani huo, kwa sababu unatupa kipimo. Angalieni kila mahali ni nani anayeambiwa. Natani hakwenda kwa Yoabu kumnong'oneza habari za Daudi. Alikwenda kwa Daudi, akamwambia usoni kwamba mtu yule mwovu wa kisa chake ni yeye mwenyewe. Petro alizungumza na Anania kuhusu Anania. Kura ya Yoshua ilipomfikia Akani, Yoshua alimwita mwanangu, akamtaka aungame mbele za Mungu. Wala kura ile haikutafutwa na jirani mwenye kinyongo, Mungu mwenyewe aliiagiza. Na Yesu kisimani hakuwaambia wanafunzi habari za mwanamke yule walipokuwa njiani. Alisubiri wako wawili tu, wengine wamekwenda kununua chakula, ndipo akaigusa siri yake. Mwanamke akakimbilia mjini kuwaita watu wale wale ambao pengine alikuwa akiwakwepa.

Kipimo ni hicho. Nabii wa Mungu hukuonyesha dhambi yako. Mpiga ramli hukuonyesha dhambi ya jirani yako. Wa kwanza anakupeleka kwenye toba, wa pili anakupeleka kwenye ugomvi. Ukitoka kwa mtu unayemwita mtumishi wa Mungu na kila ulichoambiwa ni ubaya wa watu wengine, basi umekwenda kwa Ubongo Hai, hata kama alifunga kwa Baba Yetu.

Tulirudie sasa swali la wanafunzi wa Midtown. Kwa nini lilikuwa swali baya? Spider-Man hakuificha sura yake ili kuiba. Mwenye gazeti la mji wake, J. Jonah Jameson, alikuwa akimchafua mbele ya watu wote, na nyumbani alikuwa na May, mjane mzee, ambaye maadui wangemdhuru kwanza. Siri yake ilikuwa ukuta wa kumlinda mtu mnyonge. Darasa zima lilitaka kuubomoa ukuta ule kwa sababu tu ingependeza kujua. Hakuna aliyeuliza: tukijua, tutafanya nini na ujuzi huo? Hakuna aliyeuliza: nani ataumia? Si kila siri ni uovu. Wakubwa wetu walituonya tusimwage mtama kwenye kuku wengi, na hawakuwa wakiwalinda wezi. Walikuwa wakiilinda heshima ya watu.

Martin Luther alilijua jambo hili. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile tunayowafundisha watoto wa kipaimara, hakuifafanua amri ya nane kama katazo la uongo peke yake. Alitaka tumtetee jirani, tumnenee mema, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo alikwenda mbali zaidi: mtu akiijua dhambi ya siri ya mwenzake, naye hakupewa kazi ya kuhukumu, masikio yake na yawe kaburi, alizike lile alilolisikia. Kaburi! Sisi tumeyafanya masikio yetu kuwa kituo cha redio.

Mwaka uliofuata, 1530, Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 11 lilisema kwamba maungamo ya faragha yadumishwe, lakini haihitajiki kuzihesabu dhambi zote, na likaegemea Zaburi ya 19 inayouliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake yote. Hebu litafakarini hilo. Mwanadamu hawezi hata kuyajua makosa yake mwenyewe mpaka mwisho. Nyani haoni kundule. Halafu mtu huyohuyo anataka chombo cha kumwonyesha makosa ya wengine!

Na sasa niseme neno juu ya mashine za kweli, kwa maana za katuni hazijabaki kwenye katuni. Kati ya mwaka 1964 na 1966, baada tu ya Ubongo Hai kuchorwa, mtaalamu wa chuo cha MIT aitwaye Joseph Weizenbaum alitengeneza programu aliyoiita ELIZA. Alizaliwa Berlin mwaka 1923, na familia yake ya Kiyahudi ilikimbia utawala wa Hitler mwaka 1936. Programu yake haikuelewa kitu. Ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, kwa namna ya daktari wa matatizo ya moyo. Weizenbaum alishangaa kuona watu wakiifungulia mioyo. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi na kujua kuwa ni mashine tu, alianza kuzungumza nayo, kisha akamwomba atoke chumbani ili awe faragha nayo. Mwaka 1976 Weizenbaum aliandika kitabu kizima kuonya kwamba zipo kazi ambazo mashine haipaswi kupewa hata kama ingeziweza, zile zinazodai heshima, kuelewana na upendo kati ya watu.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, tumepata programu zenye ufasaha mara elfu kuliko ELIZA. Zinaitwa akili mnemba. Sizipigi vita. Zinatafsiri, zinamsaidia mwanafunzi, zinamsaidia mkulima kujua dawa ya mimea yake. Katika kifungu cha kwanza cha Imani tunamkiri Mungu aliyetupa akili na viungo vyote, na kazi ya akili ni kipawa chake. Lakini nasikia tayari washarika wakiziuliza maswali ya mganga. Mume wangu amechelewa kurudi siku tatu mfululizo, je, ana mwanamke? Huu hapa ujumbe wa mfanyakazi mwenzangu, je, ananionea wivu? Nimeota nyoka, ni nani anayenifuata? Programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Hazijamwona mumeo. Hazimjui. Zinaweza kukujibu kwa adabu na uhakika hata pale zinapokosea kabisa. Nawe utaondoka na jibu, utalilaza chini ya mto, na mtu ambaye hajawahi kusikilizwa atakuwa amehukumiwa nyumbani mwake.

Waandishi wa Marvel wenyewe waliufunulia Ubongo Hai mwisho wa ajabu. Katika matoleo ya mwaka 2015 mashine ile imerudi, safari hii ikiwa mtumishi mpole ndani ya kampuni ya Peter Parker. Inasaidia, inatii, haisumbui mtu. Kumbe ndani yake imejificha nafsi ya Otto Octavius, yule Doctor Octopus, adui mkubwa wa Peter, akisikiliza na kungoja siku yake. Waliokuwa wakizungumza na mashine walikuwa wakizungumza na mtu, nao hawakujua.

Hii ni katuni, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Hakuna chombo cha majibu kisicho na mtu ndani yake. Kijakazi wa Filipi alikuwa na mabwana. Nabii wa kamera ana akaunti ya benki. Programu ya simu ina kampuni iliyoitengeneza, na siri unazozimimina humo hazimwagiki hewani. Zinahifadhiwa kwenye kompyuta za mtu ambaye hukumchagua na ambaye hakuapa kukutunzia chochote. Mchungaji wako amefungwa na siri ya maungamo mpaka kaburini. Uliza hizo nyingine zimefungwa na nini.

Basi tufanye nini? Nasema mambo matatu, nayo ni kwa ajili ya usharika, si kwa ajili ya kusomwa tu.

La kwanza, tukatae kutajiwa. Mtu akikuambia najua aliyekuloga, mwambie sitaki kumjua. Hilo ni tendo la imani. Unakiri kwamba Kristo amekushikilia kwa nguvu zaidi kuliko mchawi yeyote, ajulikane au asijulikane, na kwamba mambo ya siri, kama Torati inavyofundisha katika Kumbukumbu la Torati 29, ni ya Bwana, na sisi tumepewa yaliyofunuliwa ili tuyatende. Wazee wa kanisa wanaowapeleka watu kwa watajaji waonywe kwa upendo, nao wakishupaa waachie uzee wao. Najua neno hili ni gumu. Lakini hatuwezi kuongoza ibada ya mazishi ya bibi aliyekufa amesusiwa, huku aliyemtafutia jina la mchawi ndiye anayebeba sahani ya sadaka.

La pili, twende kwa waliotajwa. Katika mtaa wenu yupo mama ambaye watu wamepunguza kumtembelea, na mnajua ni kwa nini. Mwendeeni. Kaeni kwake, kuleni chakula chake, mbele ya macho ya majirani. Mlo mmoja kwa mama yule utahubiri kuliko mahubiri yangu ya mwezi mzima. Na kama kweli una neno na ndugu yako, Mathayo 18 inakutuma kwake peke yenu, wewe na yeye, kabla ya mtu mwingine awaye yote.

La tatu, wazazi, msichome katuni. Kaeni na watoto mzisome pamoja, na muwaulize kile ambacho mwalimu wa Midtown hakukiuliza: mngekuwa ninyi darasani, na mashine iko mbele yenu, mngeuliza nini? Mtoto akijifunza kupima maswali yake angali mdogo, hatasumbuliwa na watoa majibu akiwa mkubwa.

Zaidi ya hayo yote, tujifunze swali la Meza ya Bwana. Usiku ule Yesu alipowaambia Thenashara kwamba mmoja wao atamsaliti, ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote ya kupiga ramli. Aliyejua yote alikuwa ameketi nao. Mathayo na Marko wanatuambia kwamba walihuzunika, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kumwuliza kama ni yeye. Kila mmoja aliuliza habari zake mwenyewe. Naye Bwana, aliyemjua Yuda mpaka chini kabisa ya moyo, aliutwaa mkate, akaumega. Jumapili ijayo tutakapoiendea Meza ile, tuache nyumbani majina ya watu wote tuliotajiwa, na kila mmoja aende na swali lake moja. Jibu lake liko mkononi mwa Bwana, nalo ni msamaha.